Kazi Nyepesi ya Juani

Nimestaafu nikiwa na hasira, na nalisema hili mwanzoni ili asiyependa maneno ya mtu aliyekasirika aishie hapa. Ninyi mliobaki kwenye kliniki ya ngozi mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitegemea niandike habari za nidhamu, viatu safi na kuwahi asubuhi. Haya, vaeni viatu safi na muwahi asubuhi. Sasa nitaandika yale ninayotaka.

Mimi ni Mnyasa, nimezaliwa ufukweni, mtoto wa mvuvi na mama aliyekausha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Niliripoti hospitali ya Mbinga, kule milimani, mwezi wa sita nikiwa nesi mpya, na sweta langu lilikuwa jembamba kama gazeti. Asubuhi ile ya kwanza ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye milango ya wodi, na wagonjwa walikuwa wanatoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara. Nilijiambia kwamba angalau huku nitapumzika na adha ya jua. Kila mtu anayepanda kutoka ziwani hujiambia hivyo, na baadhi yao tumewazika.

Nilipangiwa chumba cha ngozi, mwisho wa korido, karibu na sehemu ya kufulia mashuka. Kilikuwa huko kwa sababu zamani kilikuwa cha wagonjwa wa ukoma na hakuna aliyetaka kupita karibu nacho. Mkuu wangu alikuwa tabibu mmoja Mmatengo, mtu mzima, tuliyemwita Baba Mbunda. Alikuwa na kioo cha kukuzia ambacho mpini wake ulifungwa kwa plasta, tochi iliyokuwa ikiwaka ikipenda, na birika. Birika lile nililidhania la chai. Kumbe lilikuwa la maji ya moto ya kuoshea mikono kabla ya kumshika mgonjwa, kwa sababu kwa baridi ya Mbinga vidole huwa vimekufa ganzi na havigundui kitu.

Siku yangu ya kwanza aliniambia nikate kucha, nioshe mikono kwa maji yale, kisha nifumbe macho na kupitisha vidole kwenye paji la uso la mama mmoja mwenye ualbino. Niliona ni mchezo wa kumcheka mgeni. Juu ya nyusi vidole vikakwaruza kitu kama msasa. Nilipofumbua macho sikuona chochote, ngozi ilikuwa ile ile ya waridi. Baba Mbunda akasema hapo ndipo kansa inapopiga hodi, na kwamba macho huchelewa kusikia hodi hiyo. Tangu siku hiyo nimeshika nyuso nyingi kuliko mama yeyote, na bado nasema vidole kwanza, tochi baadaye.

Kesi ya kwanza iliyoninyima usingizi ilikuwa ya mzee kutoka Mpepai. Naye alikuwa na ualbino. Aliletwa na mwanawe, shingo na sikio vimefungwa kitambaa, na harufu iliingia chumbani kabla yake. Nilipokuwa nafungua kitambaa, mwana alikuwa anatueleza kwa fahari jinsi walivyomtunza baba yao. Hakuwahi kuchimba ngoro, yale mashimo ya mahindi yanayochimbwa kwenye miteremko, hata siku moja. Hakubebeshwa mzigo. Tangu ujana wake ukoo mzima ulikubaliana apewe kazi nyepesi, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali na ngozi yake ni laini.

Kazi nyepesi ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya kichanja cha kahawa, kuigeuza ikauke sawasawa na kufukuza kuku. Kahawa haianikwi kivulini. Basi mzee yule alianikwa pamoja nayo, msimu kwa msimu, kichwa wazi, kuanzia ujana hadi uzee, na watu waliompenda.

Nilimuuliza kwa nini hakuvaa kofia. Akanitazama kwa huruma, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Huku kwetu hakuna jua, mwanangu," alisema. "Jua liko kwenu ziwani."

Baba Mbunda alimaliza kumsafisha kidonda. Tulipotoka koridoni alipiga ukuta kwa kiganja, kisha akanieleza polepole yale ambayo nimeyarudia maisha yangu yote. Joto ni kitu kimoja na miale inayochoma ngozi ni kitu kingine. Joto unalisikia, miale huisikii. Mbinga iko juu, hewa inayotukinga ni nyembamba, kwa hiyo jua linatufikia likiwa halijachujwa vizuri, na mawingu mepesi hayalizuii. Mtu wa ziwani angalau joto humkimbiza kivulini. Mtu wa Mbinga anasikia baridi na kubaki pale pale. Siku hizi simu zenu zinaonyesha kiwango cha ukali wa jua. Mwaka jana, mwezi wa sita, saa sita mchana, nikiwa na koti juu ya sweta, niliangalia yangu nikakuta rangi nyekundu. Nilimwonyesha dereva wetu. Akasema simu imeharibika.

Mzee wa Mpepai alifariki kabla ya mavuno mengine.

Baadaye tulianza kushuka ziwani na kliniki ya kutembea, wakati huo Mbinga na ziwani bado ni wilaya moja na barabara ikiwa vumbi tupu. Nilikuta ufukweni mambo ni yale yale. Wenye ualbino walikuwa wamekaa kando ya vichanja vya usipa wakifukuza ndege. Kazi nyepesi. Nikamkumbuka mama mmoja mwenye ualbino aliyelinda usipa wetu nilipokuwa mdogo, ambaye siku moja hakuonekana tena, tukaambiwa ana kidonda na watoto tusiende kwake. Nilisimama kwenye mchanga ule wa nyumbani nikatukana kwa Kinyasa, na dereva, ambaye ni Mngoni, akaniuliza nimeumwa na nini.

Kanuni tulizokuwa tunafundisha ni hizi, na msiziache. Ukiona kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, ingia ndani, saa haihitajiki. Kofia iwe ya pama, yenye ukingo wa kuzunguka kote, maana kapelo inakinga pua na kuyaacha masikio yaungue. Nguo iinue uitazame kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo litaona ngozi yako. Mchanga na maji hurudisha miale juu, kwa hiyo aliyekaa chini ya paa akiwa ametazama ziwa anaungua kidevu. Na mafuta ya kukinga jua yapakwe kabla ya kutoka, yapakwe mengi, na yarudiwe. Yasiwekwe kabatini kwa ajili ya misa ya Jumapili, kama wengi walivyokuwa wakifanya kwa kuona ni kitu cha thamani.

Sasa niingie kwa Yustina, kwa sababu yote ninayoyaandika yanaishia kwake.

Baba yake alikuwa mkulima wa Tingi. Alimleta Mbinga akiwa darasa la tatu, kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja, na kabla ya kumpeleka alipitia chumbani kwetu. Mtoto mwembamba mwenye ualbino, nywele za rangi ya mahindi mabichi, macho yanayocheza. Baba yake alinisalimu kwa heshima akaniambia amemtoa mwanawe kwenye jua la kule chini na kumpandisha kwenye baridi ili apone. Nilimweleza habari ya joto na miale. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama sweta langu, akacheka kidogo kwa adabu. Kisha akasema, "Basi nakuachia mwanao, dada." Nami nikamchukua kuwa mwanangu.

Sijui kama kwingine wana desturi hii, lakini Mbinga msimu wa baridi watu huota jua. Saa nne, ukungu ukifunguka, shule nzima hutoa mabenchi na kujipanga kwenye ukuta unaotazama mashariki. Hata walimu hufundishia pale pale, maana madarasani vidole havishiki kalamu. Ni jambo zuri, na mimi mwenyewe nimeota jua na wenzangu nyuma ya maabara. Nilipokwenda kumtembelea Yustina nilimkuta ukutani, benchi la mbele, katikati kabisa. Matroni ndiye aliyemweka hapo. Mtoto wa ziwani, anatetemeka, mwacheni akae panapopata jua zuri. Wenzake walikuwa wamesogea wakampa nafasi. Shingo yake ilikuwa imetoa malengelenge, midomo imepasuka, na alikuwa anatabasamu kwa sababu hatimaye alikuwa amepata joto.

Nilimshika mkono nikaenda naye kwa mwalimu mkuu. Niliomba mambo mawili, kofia na ruhusa ya kukaa ndani watoto wenzake wanapoota jua. Akanijibu kwamba kofia si sehemu ya sare. Akimruhusu mmoja, kesho wote watakuja na kapelo. Nilimwonyesha shingo ya mtoto. Akaitazama, nami naamini ilimuuma, maana hakuwa mtu mbaya. "Sista, na sisi tunamwonea huruma," alisema. "Ndiyo maana tunamweka juani."

Nilipaza sauti. Niliyoyasema siyarudii hapa, yalisikika hadi jikoni. Mwalimu mkuu alinishtaki kwa wakubwa zangu, nikaamriwa nikaombe radhi. Nilikwenda kuomba radhi nikiwa na kofia ya pama mkononi. Radhi ilipokelewa, kofia ikarudishwa.

Ikabaki hivyo mpaka mwalimu mkuu yule alipohamishwa. Aliyekuja baada yake, mwanamke mkimya, aliruhusu kofia siku ile ile nilipomwomba, hata kiti hajanikaribisha. Nilipaswa kufurahi. Niliondoka nikiwa nimekasirika kuliko siku zote, kwa sababu kumbe lilikuwa jambo la neno moja tu.

Lakini ukuta ule ulikuwa umeshafanya kazi yake. Yustina alipofika sekondari, akiwa ameshapewa miwani ya kusomea, vidole vyangu vilikuta msasa juu ya sikio la kulia. Tuliugandisha kwa gesi ya baridi alipokuja daktari wa kutembelea, ukaondoka, ukarudi. Baadaye ukawa kidonda. Tulimpeleka hospitali ya mbali, wakakata sehemu yote ya juu ya sikio, na walifanya kazi nzuri, kansa haikubaki. Alipotolewa bandeji chumbani kwetu Mbinga alijipapasa sikio, kisha akaniuliza swali moja. "Mama, sasa miwani itakaa wapi?"

Nilikwenda sehemu ya kufulia, nikafunga mlango, nikalia kati ya mashuka mabichi. Baba Mbunda alikuwa ameshastaafu na kuniachia birika lake. Angekuwepo angepiga ukuta.

Miwani tuliifunga kwa lastiki. Lastiki ile ndiyo iliyomfanya Yustina fundi, kwa sababu yangu niliishona vibaya, akaifumua na kuishona upya mwenyewe. Akajifunza cherehani. Alipofungua kibanda chake pale mjini alianza kushona kofia za pama za kitenge kizito, zenye kitambaa cha kufunika shingo na kitanzi kwa ndani cha kushikia miwani. Tulizunguka nazo pamoja, Namswea, Mpepai, hadi kule chini kwao Tingi. Yeye alikuwa anawavisha watu kofia na mimi nawashika nyuso. Mzee aliyekataa maneno yangu yote alikuwa akimtazama Yustina sikio, kisha anavaa. Jioni kwenye gari Yustina alikuwa akiimba nyimbo za kwaya ya parokia, sauti ya pili, na dereva wetu asiyeamini simu alikuwa anapunguza mwendo.

Mafuta ya kukinga jua hayauzwi kwenye maduka yetu. Yanakuja kwa masanduku, kutoka kwa wenye moyo mwema, na hapa ndipo hasira yangu ilipojenga nyumba. Sanduku likifika haligawiwi. Linasubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi ana ratiba. Wakati huo mafuta yako stoo chini ya bati, yanapata joto, na tarehe yake inakaribia. Nimeshuhudia hafla moja ufukweni: wenye ualbino wameitwa saa tatu asubuhi wakakalishwa mbele, kwenye mchanga, pasipo hata tawi la mti. Turubai lilikuwepo, la viongozi. Mgeni alifika saa saba. Kila mmoja alikabidhiwa chupa yake na kuombwa asiifungue kwanza, aiinue juu kwa ajili ya picha. Walirudi nyumbani wameiva kama kamba wa kukaanga, na dawa wameishika mkononi. Nilipolalamika, mratibu wa shughuli aliniambia kwa upole kwamba kuwaweka mbele ni kuwapa heshima.

Waandishi wa habari nao wakija huuliza habari za mapanga ya wanaowawinda wenye ualbino. Waulize, kwa kuwa ni unyama na hausahauliki. Lakini niliowazika mimi hawakuuawa na panga, na hakuna aliyewahi kuja na kamera kuuliza habari za kichanja cha kahawa.

Jambo moja zaidi kabla sijamaliza, nanyi mnalijua vizuri. Mtu hasafiri kutoka kijijini kuja kupapaswa uso. Anakuja kuchukua mafuta, na sisi tunampapasa akiwa amekuja. Mafuta yasipogawiwa, hakuna anayekuja, na vidole vyetu vinakaa bure.

Mwaka huu mvua zilipokuwa zinamalizika nilianza likizo ya kustaafu, nikashuka kwetu kumalizia kibanda changu. Kila nilipopiga simu stoo kuuliza kama mafuta yamefika niliambiwa bado. Nilipiga wakati kahawa inaanza kuvunwa. Bado. Nilipiga katikati ya mavuno. Bado, Sista, pumzika sasa. Nilikuwa nawatukana wafadhili kimoyomoyo, na leo nawaomba radhi.

Kuagwa kwangu kulikuwa baada ya mavuno. Mlinikalisha chini ya turubai kwenye kiti chenye kitambaa cha satini, mkanivisha shada, kukawa na keki. Kwaya ya parokia ilisimama uwanjani, Yustina safu ya mbele, wakaniimbia wimbo walioutunga kwa jina langu. Nyuma yao, kwenye mabenchi, walikuwa wale wote niliowashika nyuso. Ilikuwa saa sita. Nilipiga makofi. Nilifurahi sana, siwezi kusema uongo, na kwa muda wa wimbo mmoja sikutazama vivuli vyao.

Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba kuna jambo la kunishtukiza. Leo mgeni rasmi ni Sista mwenyewe. Yakaletwa masanduku yamefungwa utepe, na mshereheshaji akaeleza kwa furaha kwamba yalifika tangu mvua hazijakatika, ila wenzangu kwa upendo waliamua kuyatunza, yasiguswe na mtu, mpaka siku yangu. Watu wakapiga vigelegele. Mtu akanipa mkasi.

Nilitoka chini ya turubai nikaenda moja kwa moja kwa Yustina. Alinikumbatia. Mkono wangu ukaenda usoni kwake kama ulivyozoea, na kwenye mdomo wa chini kidole kikakuta msasa, na chini ya msasa kitu kigumu.

"Mafuta yako yaliisha lini?"

"Kahawa ilipoanza kuvunwa, Mama."

"Na mdomo huu umeuona tangu lini? Kwa nini hukunipigia?"

Alitazama chini. "Walituambia tusikwambie kitu. Ilikuwa zawadi yako."

Utepe niliukata, kwa sababu mafuta yalikuwa ndani. Niliwafungulia chupa pale pale, nikawaambia wapake, wasiinue kitu juu. Niliwahamishia wote chini ya turubai, na viongozi wengine walisimama wakawapisha, wengine wakabaki wamekaa. Keki sikuila. Najua baadhi yenu mliona nimewaaibisha, na kuna aliyesema Sista hata siku ya kuagwa hajui kufurahi. Najua pia kwamba kidonda hakianzi kwa miezi michache. Hiki kilianza zamani, kwenye ukuta wa shule. Lakini miezi hiyo kilikuwa kinakua, na mngetoa mafuta angekuja kuyachukua, na mmoja wenu angemshika mdomo kikiwa bado msasa mtupu. Nina hasira nanyi, na nawapenda, na hasira haijapungua kwa sababu hiyo.

Wiki ijayo nampeleka hospitali ile ile ya mbali. Sasa nina nafasi, sihitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Tumeshachagua viti vya basi, upande usiopigwa na jua la asubuhi. Daktari amesema kwenye simu kwamba hawezi kujua atakata kiasi gani mpaka aone. Jana Yustina alikuja kwangu kupima kofia ya safari, akaniuliza kama baada ya hapo ataweza kuimba. Nilijifanya natafuta pini.

Birika nimewaachia juu ya kabati. Lichemsheni kila asubuhi kabla hamjamshika mtu. Na sanduku la mafuta likifika, lifungueni siku hiyo hiyo. Msimsubiri mtu yeyote. Hata mimi msinisubiri.